Gaju Aliyeangalia Kushoto

Alhamisi iliyopita Noela aliingia katika ateliye yangu ya mbao bila kubisha hodi, akaweka juu ya meza kitu kilichofungwa ndani ya kitenge, akakaa kwenye kiti cha wateja na kuvua viatu kama mutu aliyefika kwake. “Sikio limetoka,” akasema. Hakuniambia sikio la nani, na mimi sikuuliza. Kilio cha baba yake, muzee Gaspari, kilikuwa kimeisha hazijapita wiki tatu. Siku zote zile nilikaa na wamama wengine kwenye uwanja nikichambua muchele, na kila niliponyanyua macho nilikiona kile kitu ndani ya nyumba, kikining'inia juu ya kitanda cha marehemu. Nikafungua kitenge. Picha ya ngombe iliyounganishwa kwa vipande vya mbao, urefu wake kama tangu kiwiko changu mpaka ncha za vidole. Mwili wa libuyu, ule muti mwekundu ambao ukiupiga musasa unang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Pembe za sipres, vilima vya nyuma vya grevilea, na kwenye bega kiraka cheupe cha muti wa ndimu. Sikio kweli halikuwapo. Noela alilitoa katika pochi yake, limefungwa ndani ya karatasi yenye mafuta ya beinye, yale maandazi ya mviringo. Huyu ngombe anaangalia kushoto. Miaka kumi na tatu imepita, nimetengeneza picha nyingi za mbao ambazo sizikumbuki tena, lakini nikimuona huyu anaangalia kushoto bado namuogopa kama siku ile Mugunga.

Habari za wazazi wangu na namna nilivyofika muji huu, mutaa wa Katindo, niziache, hazina kazi hapa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeishia ya tatu sekondari, na nilikuwa naamini kwamba siku moja nitajenga nyumba ya orofa yenye madirisha upande wa ziwa. Noela alikuwa ananicheka: “Weye utajenga orofa, na ata kijiko huna.” Ni kweli, kijiko kilikuwa chake. Tulikodi pamoja chumba kimoja cha mbao kilichosimama juu ya mawe ya volkano, na mawe yenyewe yalikuwa yanatokeza katikati ya sakafu, moja karibu na kitanda, ambalo tulilitumia kama meza. Kitanda kilikuwa kimoja. Asubuhi tarumbeta ya kambi ya askari ilituamsha, Noela akakaanga beinye za kuuza barabarani, mimi nikawasha moto wa makala. Jioni tulikula bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwa, na siku za bahati mbaya bugali na chumvi. Mwaka ule barabara ya Sake ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama mulango wa choo. Upande wa milima mabomu yalikuwa yanavuma, na watu walijifunza kusema “hiyo ni mbali” huku wakimaliza kunywa chai. Familia ya Noela, watu wa milima ya Masisi, wafugaji tangu zamani, ilikuwa imekimbia hadi kambi ya wakimbizi ya Mugunga na kukaa ndani ya kibanda cha bashi, turubai la plastiki, bila ngombe hata mumoja. Baba yake alikuwa bado anatembea na fimbo ya kuchungia.

Kwenye parcelle ileile, kiwanja chetu, nyuma ya ukuta wa mbao, ndipo alipofanyia kazi Papa Anselme. Nilienda kwake mara ya kwanza kuomba takataka za mbao za kuwashia moto. Akanitazama mikono, akasema: “Mama, mbele ya kubeba hizo, kuya kwanza ushike hapa.” Nikashika ubao, akaanza kupasua, na sikuondoka tena. Papa Anselme alikuwa na msumeno mumoja wenye meno madogo sana, na kwa ule msumeno alipasua mabaki ya maseremala mpaka yakawa maganda, membamba kama ganda la yai. Yeye aliyaita plakaji. Baadaye anakata yale maganda kwa kisu, kipande kwa kipande, anayaunganisha bila rangi hata tone. Ukitaka wekundu unatafuta muti mwekundu. Ukitaka kivuli cha kilima unageuza tu nyuzi za muti zilale upande mwingine, mwanga wenyewe unafanya kazi. Alikuwa anasema kwamba muchoraji anadanganya na rangi lakini fundi wa plakaji hawezi kudanganya, kwa sababu muti ulishakuwa vile ulivyo kabla ya yeye kuzaliwa. Mimi nilipenda maneno hayo sana. Sikujua kwamba yatanirudia.

Kuna jambo moja la kazi ambalo lazima nilieleze, kwa sababu ndipo nilipoanguka. Maganda yaliyopasuliwa kwa mukono hayalingani unene. Ukiyapanga huku uso ukiangalia juu, picha inakuwa na milima na mashimo. Kwa hiyo unayapanga uso chini. Uso wa kila kipande unaushikiza kwa kole kidogo, gundi yetu, kwenye karatasi yenye muchoro, migongo ndiyo inaangalia juu. Unapaka kole kwenye migongo, unabandika kwenye ubao muzito, unakandamiza kwa mawe, na kole ikikauka unalowanisha karatasi na kuibandua. Hapo picha inazaliwa, laini kama kioo, lakini imegeuka: kilichokuwa kuume kimekuja kushoto. Ndiyo maana, kabla ya kuanza, Papa Anselme alibandika muchoro wake kwenye kioo cha dirisha na kuupitisha kwa kalamu upande wa nyuma, ili ugeuke mara mbili na kurudi sawa. “Dirisha kwanza,” alikuwa ananiambia kila siku, mpaka nikamuiga sauti yake na kumuchekesha Noela usiku mzima. “Dirisha kwanza, kisu nyuma.”

Janvier alikuja mwezi wa mvua kubwa. Alikuwa muchumba wa Noela, kijana murefu asiyejua kuweka mikono yake wapi, na aliingia na baba mukubwa wake, papa Zabuloni, aliyekuwa amevaa koti na kofia hata ndani ya nyumba. Familia ilikuwa imekubali ndoa, lakini mahari ilikuwa ni ngombe, na si ngombe yoyote. Muzee Gaspari alitaka Gaju. Zamani, nyakati za amani, yeye mwenyewe alimupa baba yake Janvier mutamba kama rafiki. Yule mutamba akamuzaa Gaju, mwekundu kama udongo uliochomwa, na muzee alikuwa pale siku anazaliwa. Sasa Gaju alikuwa juu Masisi, kwa muchungaji wao, na barabara imefungwa. “Muzee anasema hivi,” papa Zabuloni alieleza akihesabu kwa vidole. “Kama ngombe hawezi kushuka, basi alete sura yake. Ataipokea sura, na siku barabara itafunguka, ngombe ataifuata sura. Lakini anataka kumuona. Hataki kuambiwa.” Papa Anselme akauliza kama kuna foto. Foto ilikuwa kwenye simu, na simu ilibaki njiani siku walipokimbia. “Basi nitamuona kwa kitu gani?” akauliza Papa Anselme. Janvier akasimama, akavua koti lake jipya, akapiga magoti, akaweka mikono chini.

“Mimi ni Gaju,” akasema.

Nilicheka mpaka nikaangusha kisu. Janvier alitembea kwa miguu minne katikati ya maranda, akinyanyua shingo. “Anabebaka kichwa hivi, juu, kama mama anayeenda misa. Kiraka kiko hapa, kwenye bega ya kuume. Iko kama jani ya avoka, na ncha yake inaangalia mbele.” Akajigonga begani. “Hii pembe inashuka kidogo, ile inapanda.” Papa Zabuloni akafunika uso kwa kofia kwa aibu. Noela alikuwa amesimama mulangoni na sinia lake la beinye, na aliposema “Gaju, kuya ule,” hata Papa Anselme alikaa chini kwa kicheko. Nachora ile siku kichwani mara nyingi, kwa sababu ilikuwa ya mwisho ya kucheka kabla ya yote. Siku ya tatu Papa Anselme alipata habari kwamba bibi yake, mama ya watoto wake, analala hospitali Bukavu. Alichora Gaju usiku huo kwa haraka, anaangalia kuume, kiraka begani, kisha asubuhi akachukua boti. Mulangoni alinipa msumeno. “Hii ni yako sasa. Mahari iko siku ya posho, Jumamosi ya tatu tangu leo. Usiharakishe kisu.” Nikamwambia: dirisha kwanza. Akasema: “Umesema weye mwenyewe.”

Asubuhi niliyotaka kugeuza muchoro, kambini walianza kufyatua risasi. Sikujua kama ni mazoezi, au askari walewale walikuwa wanagombana kati yao, au ndiyo vita imefika, hakuna aliyejua. Mwenye parcelle akapita akipiga kelele tufunge. Noela na mimi tukabeba godoro letu na kulisimamisha kwenye dirisha la ateliye, kwa sababu ndilo lilikuwa na kioo, tukakaa chini ya meza, magoti yetu yamegusana. Noela alikuwa anashika rozari, mimi nilikuwa nashika kole. Ilipotulia, hatukuthubutu kutoa godoro. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Hakukuwa na dirisha, hakukuwa na mwanga wa kupitisha kalamu. Kulikuwa na mushumaa na siku zinazokwenda. Nilijiambia kwamba nitaanza na vilima tu, vilima havina kuume wala kushoto. Nikaanza na vilima. Kisha mukono ukapata moto, nikaendelea na miguu, na tumbo, na ile shingo ya mama anayeenda misa. Sitasema kwamba nilisahau. Nilikumbuka kila siku, na kila siku nikasema, ngombe ni ngombe. Mimi ni mutoto wa muji. Kwangu ngombe alikuwa na upande mumoja tu, ule unaouzwa kwa muchinjaji.

Nilikuwa nakata sikio, hili hili ambalo Noela ameniletea katika karatasi ya beinye, niliposikia watu nyuma ya ukuta. Ukuta wetu ulikuwa mbao za daraja la mwisho, zenye mianya ya kupitisha kidole. Papa Zabuloni alikuwa anaongea chini chini, na sauti ya chini ndiyo inayosikika zaidi. “Muchungaji amefika Sake kwa miguu. Balikuya na bunduki, bakachukua ngombe zote za kilima. Zote. Zingine balikula palepale.” Janvier akauliza: “Na Gaju?” “Nimesema zote.” Nikasikia Janvier anavuta kamasi. “Basi tumwambie muzee.” “Tumwambie nini? Muzee amepoteza makumi ya ngombe, unataka umuletee habari ya mwingine siku ya ndoa yako? Picha iko karibu tayari. Acha picha iende. Barabara ikifunguka, ngombe anaweza kufia njiani, anaweza kufa na ugonjwa, nani atajua? Unataka Noela ao hautaki?” Nilibaki na kile kipande kidogo juu ya kidole, nikakipaka kole na kukiweka mahali pake, kwa sababu kole haingoji.

Usiku ule tulilala kitanda kimoja, Noela na mimi, kama siku zote. Aliniambia habari ya kitenge atakachovaa, na namna mama yake atakavyolia kwa kujionyesha, na kwamba watoto wake atawafundisha kukamua hata kama itakuwa kukamua bido ya maji. Mimi nikasema mm, mm. Mara kumi nilifungua mudomo. Nilifikiri: nikisema, ndoa inavunjika na ni mimi nimeivunja, nisiposema, anaolewa juu ya ngombe aliyekwisha kuliwa. Nilikuwa mutu wa kulia hata kuku akichinjwa, na sikupata chozi. Wiki mbili niliishi hivyo. Nilipobandua karatasi, Gaju akatokea akiangalia kushoto, muzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kugusa, na nilimuogopa.

Siku ya posho tulienda Mugunga muchana, mimi nyuma ya moto, pikipiki ya kukodi, nimekumbatia picha kama mutoto muchanga, familia ya Janvier ndani ya taksi moja watu tisa. Njiani tulipishana na watu wanaotoka Sake na magodoro kichwani. Dereva wa moto akaniuliza: “Mama, hiyo ni luninga?” Nikasema ni ngombe. “Ngombe?” Akageuka kuangalia mpaka karibu atuangushe. “Ngombe ya leo inalala kwenye fremu. Basi amani itarudi.” Mbele ya kibanda cha bashi walikuwa wamesafisha mawe, wamepanga viti vya plastiki kwa pande mbili zinazotazamana, na katikati meza yenye kitambaa cha kanisa, sikre za chupa, yaani soda, na jagi la mashanza, maziwa yaliyoganda, yaliyotafutwa kwa shida. Ndani ya kibanda Noela alikuwa amefichwa na wamama. Kwao mahari haifungwi na karatasi. Inafungwa wakati baba wa binti anapopokea kikombe cha mashanza na kukunywa mbele ya wote. Akikunywa, ni mwisho. Mutoto ni wenu.

Maneno ya mwanzo yalikwenda vizuri, kwa mizaha ya kawaida. Shemasi aliyeongea kwa upande wa Noela akauliza kama wageni wamepotea njia, papa Zabuloni akajibu kwamba wamefuata harufu ya maua. Kisha wakaniita nilete ngombe. Nikafunua kitenge. Watu wakasema eeeh. Mutu mumoja akapiga mikono. Muzee Gaspari akanyanyuka kwenye fimbo yake, mwembamba, koti kubwa kumuzidi, akaja mpaka karibu. Alianza na miguu, kama wafugaji wanavyoanza. Akapanda kwenye kiwele, mugongo, shingo. Akatabasamu kwenye shingo. Alipofika kwenye bega akasimama. Akainama, akaweka kidole kwenye kiraka. Akarudi nyuma hatua mbili.

“Huyu nani?” akauliza.

“Ni Gaju, muzee,” papa Zabuloni akasema.

“Mimi nimeuliza, huyu nani? Gaju ana alama kwa kuume. Nilimushika mimi siku anazaliwa, nilimupanguza na majani. Huyu ana alama kwa kushoto. Pembe yake ya kushuka ni ya huku, huyu yake ni ya kule.” Sauti haikupanda, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. “Muna ngombe mwingine mwenye anafanana naye, munataka kunipa huyo. Ao Gaju hayuko, mukatafuta wa kumufananisha. Mimi nimekaa kwenye plastiki, sawa. Munafikiri plastiki inanipofusha macho?”

Viti vikaanza kulia. Kaka za Noela wakasimama. Papa Zabuloni akasema hilo ni tusi, shemasi akasema tusi limeletwa na nani, na mutu upande wetu akasema turudi. Upande wa Sake kulivuma mara mbili, na safari hii hakuna aliyesema ni mbali. Musichana haongei mbele ya mahari. Hata hivyo nilijikuta nimesimama katikati ya viti. “Kosa ni yangu,” nikasema. “Muzee, kosa ni ya mukono wangu. Tunakataka kwa mugongo, picha inageuka. Nilipaswa kuigeuza kwa dirisha, sikugeuza.” Muzee akanitazama kama mutu anayetazama mutoto anayeongea usingizini. Nikaona siwezi kueleza plakaji mbele ya watu waliosimama. Nikakimbia ndani ya kibanda. Noela alikuwa amekaa kwenye godoro, amepakwa poda, macho makubwa. “Doka, kuko nini?” “Nipe kioo yako.” “Kuko nini?” “Nipe tu!” Nikamunyang'anya kile kioo kidogo cha mukono, nikatoka, nikakishika mbele ya picha, nikamuomba muzee atazame ndani ya kioo, si kwenye ubao.

Aliinama taratibu. Akanishika kifundo cha mukono, akasogeza kioo mpaka ngombe muzima akaingia ndani. Ndani ya kile kioo, kisichozidi kiganja, Gaju alikuwa anaangalia kuume, na kiraka chake begani kuume, jani la avoka, ncha mbele. Muzee akasema kwa kinyarwanda neno moja ambalo wafugaji wanamuitia ngombe aliyechelewa kurudi, na uso wake ukafunguka. “Njo yeye, ni Gaju,” akasema. “Njo yeye! Kuyeni muone!” Wazee wakapanga mustari kutazama ngombe katika kioo cha poda. Walicheka, wakasukumana, kaka za Noela wakakaa. Muzee akaniuliza: “Amenenepa hivi?” Nikasema Janvier ndiye alimuonyesha. “Basi anamutunza,” akasema. Akarudi kwenye kiti chake, akanyoosha mukono, na shemasi akamimina mashanza katika kikombe.

Nilimuangalia Janvier. Mikono yake mirefu ilikuwa kati ya magoti. Kikombe kilikuwa kimefika kwenye ndevu za muzee.

“Papa, usikunywe,” Janvier akasema.

Papa Zabuloni akamukanyaga mguu, nilimuona. Janvier akasimama hata hivyo. “Gaju hayuko tena. Bamechukua ngombe zote za kilima. Niko na wiki mbili nikijua.” Alisema hivyo tu, na akabaki amesimama. Muzee akashusha kikombe juu ya goti lake. Hakumutazama Janvier. Alinitazama mimi, na ile picha iliyokuwa imeegemea miguu yangu. “Na weye, fundi. Ulijua?” Papa Anselme alikuwa amesema fundi wa plakaji hawezi kudanganya. “Nilijua, muzee.” Ndani ya kibanda, nyuma ya bashi, Noela alikuwa amesikia yote.

Muzee alinyanyuka, akachukua picha kwapani, akaingia kwenye nafasi ya nyuma ya kibanda na kutuacha. Tulikaa. Sikujua mutu anaweza kukaa kwa nguvu namna ile. Sikre zilipata moto kwenye jua. Shemasi alisafisha miwani yake mara tatu. Papa Zabuloni alikuwa anamwambia Janvier kwa meno yaliyofungwa, “Mupumbafu, mupumbafu,” na Janvier alikuwa anaitikia kwa kichwa kama anayekubali bei. Muzee alipotoka alikuwa na picha mukono mumoja na mukono mwingine amejaza majani, yale majani magumu yanayoota kati ya mawe ya volkano nyuma ya vibanda. Akaegemeza picha kwenye kiti, akaigeuza iangalie milima, akaweka majani chini yake. Kisha akashika fimbo kwa mikono miwili na kuanza kumusifu ngombe. Mimi kinyarwanda changu ni cha sokoni, sikushika yote. Nilishika kwamba ni Gaju binti ya Mayenzi, mujukuu wa yule aliyevuka muto wenye maji mengi na ndama wake akashika mukia. Kwamba hakupiga mutoto hata mara moja. Kwamba ukungu ulikuwa unamungojea apite. Alimusifu kama ngombe aliyefika, na watu wa upande wake, na wa upande wetu, wakaanza kuitikia kama wanavyoitikia kule juu, wanaume wazima, huku mashavu yao yamelowa. Nilielewa kwamba si Gaju peke yake anayesifiwa, wala si yeye peke yake anayezikwa.

Alipomaliza alikaa, akachukua kikombe, akakunywa chote. Akapanguza ndevu. “Kijana,” akamwambia Janvier, “umeongea mbele nikunywe. Ungengojea nikunywe kwanza, ningekutapikia kwenye viatu.” Ndipo vigelegele vikatoka ndani ya kibanda, na Noela akaletwa. Alipita mbele yangu bila kunitazama.

Alikaa mwezi muzima bila kunisemesha. Tulikuwa tunalala mugongo kwa mugongo, kijiko ameficha, na asubuhi ananiachia beinye moja juu ya lile jiwe, bila neno, kwa sababu hata katika hasira hakuweza kuniacha na njaa. Siku anahamia kwa Janvier, Ndosho, alisimama mulangoni na begi. “Wiki mbili, Doka. Weye unalia kuku, na mimi unaniacha wiki mbili.” Nikasema najua. “Usirudie.” Akarudi kuchukua kijiko, akakitazama, akakiacha. Papa Anselme hakurudi kutoka Bukavu. Bibi yake alihitaji mutu kando yake. Msumeno ukabaki kwangu.

Mwaka ulipofunga mulango wake, Noela akiwa amezaa mutoto wa kiume, muzee Gaspari alitembea kwa miguu kutoka Mugunga mpaka Katindo. Alifika na fomaji, yaani jibini, ndani ya gazeti na vumbi mpaka kwenye nyusi. “Kwetu,” akasema, “mutu akipokea ngombe ya mahari, wale watoto wakizaa, anabarudishia ndama. Gaju amezaa. Nitengenezee ndama yake.” Nilimutazama kuona kama anacheka. Hakuwa anacheka. Nikauliza kiraka nikiweke upande gani. “Kiraka usimuwekee. Kiraka kilikuwa cha mama yake, huyu atatafuta yake.” Akakaa siku nzima. Nilipochora, akanyanyua fimbo kuelekea dirishani, akasema: “Sasa geuza, nione.” Nikabandika karatasi kwenye kioo, nikapitisha kalamu nyuma, mbele ya macho yake. Ndama akatoka kama alivyochorwa, anaangalia kuume.

Haya yote nilimkumbusha Noela Alhamisi, na mengine alinikumbusha yeye, kama ile habari ya dereva wa moto. Nilipokuwa natayarisha kole akaingiza mukono katika begi alilokuwa ameacha mulangoni, akatoa kifurushi cha pili. “Huyu hana ugonjwa. Nimemuleta tu.” Ni ndama. Gaju alikaa miaka yote kwa muzee, Mugunga, ndama kwa Noela, Ndosho; mimi niliyewatengeneza wote wawili sikuwahi kuwaona juu ya meza moja. Noela akamuweka ndama kuume kwa mama yake, na wakapeana migongo, mumoja anaangalia ukuta, mwingine mulango. Akawatazama. “Hawa wamegombana,” akasema. Akamuchukua ndama, akamuzungusha mpaka upande wa pili, akamusukuma pole pole mpaka fremu zikagusana. Pua kwa pua.

Nilipaka kole kwenye sikio, nikalirudisha mahali pake. Kole inataka mutu ashikilie bila kutikisika. Noela akaweka kidole chake juu ya changu, akakandamiza.